Mananasi ya Siki Bora

Saa moja asubuhi, siku ya soko, Machi 1994, picha za mananasi hazikuwepo kwenye chupa za Fanuel Wangwe. Lebo zilikuwa mahali pake na maneno "Siki Bora" yalisomeka vizuri, ila chini yake palibaki doa jeupe lenye umbo la tunda. Mananasi yalikuwa upande wa pili wa soko la Homa Bay, kwenye chupa za Damaris, ambazo hazikuwahi kuwa na lebo. Yalikuwa yamekaa juu ya kioo chenyewe, na yalikuwa yanaanza kuiva.

Damaris alitengeneza siki kwa maganda ya mananasi ya Rangwe, akiyaacha mtungini mpaka yachachuke. Fanuel alichanganya asidi ya kiwandani na maji ya bomba, akatia sukari iliyounguzwa ipate rangi. Wakaanga samaki waliijua tofauti hiyo. Wengi walinunua ya Fanuel, kwa kuwa ilikuwa na picha.

Fanuel alishtaki wizi. Afisa wa afya, Cliff, alifika kabla ya adhuhuri. Damaris alikuwa mama mkwe wake.

"Mama, hizi picha umezitoa wapi?" aliuliza, akiitazama meza.

"Zimekuja zenyewe, Baba Teresa. Mimi sina hata gundi."

"Naona zimekuja. Lakini zina mwenyewe."

"Basi onja. Onja yake, onja yangu, kisha useme nanasi liko wapi. Ukinifungia, sina kazi nyingine."

Maabara ilikuwa Kisumu, kwa hiyo Cliff alizoea kupima kwa ulimi. Alionja ya Fanuel, akakohoa, akafuta machozi. Kisha akasimama mbele ya chupa ya Damaris, kijiko mkononi. Mwanamume hali wala hanywi mbele ya mama mkwe. Cliff hakuwahi kuivunja desturi hiyo. Hata chai ya matanga aliinywea nyuma ya nyumba.

"Daktari, onja basi!" Fanuel alipaza sauti. "Ama kijiko kinauma?"

Wauza dagaa wa omena walicheka.

"Nitageuka," Damaris alisema. "Nitaangalia ziwa."

"Utanisikia nikimeza, Mama."

Hapo wauza omena waliacha kucheka, maana Cliff alisema kweli.

Bila kuonja, ilibaki sheria ya lebo. Siki ya Fanuel ilikuwa chachu, na chupa zake hazikudai tena tunda lolote. Hazikuwa na kosa. Za Damaris zilikuwa nalo.

"Kosa gani?" aliuliza.

"Kuuza siki ya nanasi kwenye chupa yenye nanasi, Mama, bila idhini ya mwenye picha."

Siki yake ilimwagwa kwenye mtaro nyuma ya ofisi ya afya. Mananasi yaliifuata, yakapanda ukutani, yakakaa hapo. Ukuta ulipakwa rangi nyeupe; kufikia Ijumaa yalikuwa yametokeza juu ya rangi, yameiva, yakivuta nzi. Meza ya Damaris, iliyokuwa karibu na lango la soko, alipewa Fanuel.

Jumatatu Cliff alitoka nyuma ya ofisi, akatazama kushoto na kulia kuona kama mama mkwe wake yuko karibu. Hakuwepo. Alichuma nanasi moja ukutani, akalimenya, akalila lote akiwa amesimama. Kisha akanawa mikono, akaingia ndani, akapiga muhuri kibali cha Fanuel cha kuuza siki.