Siku Balozi Alipoombwa Binti

Ndugu yangu Népomuscène ni balozi wa nchi nne. Anakaa katika moja, tatu nyingine anazifikia kwa ndege, na kila moja ina rais wake, wimbo wake wa taifa, na mtu wa itifaki wa kumwonyesha pa kukanyaga. Kabla ya hizo alikuwa Ulaya, na kabla ya Ulaya alikuwa Misri. Mke wake alifia huko Misri, binti yao Danielle akiwa bado anatambaa. Akaniletea mtoto hapa Kanyosha, akasema ni kwa muda. Katika muda huo Danielle amekuwa muuguzi, na mimi nimemzika mume wangu na magoti yangu yamechoka.

Kijana aliyetaka kumuoa anaitwa Dieudonné. Wazazi wake ni watu wa Uvira waliohamia mtaa wa Kamenge, hapa hapa mjini. Kwetu posa haipokelewi ikiwa baba yuko hai na hajaja. Mara mbili tulipanga siku, na mara mbili rais wa nchi mojawapo akasogeza siku ya kupokea hati za utambulisho za ndugu yangu, basi tukawapigia simu watu wa Kamenge kuwaomba radhi, viti tumeshakodi. Mara ya pili baba yake Dieudonné alituma neno: wakija tena wakakosa jibu, watajua wamekataliwa, na mtoto wao watamtafutia kwingine. Danielle hakulia mbele yangu. Alianza tu kupiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa pasi.

Safari hii ndugu yangu alifika. Alilala kwenye kiti cha sebuleni na suti yake, na asubuhi akanikuta jikoni.

"Dada, maji ya hapa yanafaa kunywa?"

"We Nepo, maji haya ndiyo walikuogeshea."

Alicheka kidogo, akaniomba msamaha, kisha akaomba ya chupa.

Siku hiyo hiyo, ndiyo siku ya posa, kaka yetu mkubwa, Rénovat, akashikwa na malaria. Yeye ndiye msemaji wa familia. Desturi yetu ni hiyo: baba wa binti anakaa kimya, msemaji ndiye anayejibu, anawatania wageni, anakana kwamba nyumbani kuna msichana yeyote, anakataa na kukataa mpaka watu wachoke kucheka, halafu anakubali. Mimi nilisema baba hajisemei. Watu wote wakanijibu, tuna balozi ndani ya nyumba, unataka msemaji gani tena? Nikasali fungu moja la rozari, nikarudi kwenye masufuria.

Wageni walipoketi, sisi wanawake tulibaki jikoni nyuma ya pazia. Mtungi wa pombe ya mtama ulikuwa tayari na mirija yake. Mtungi huo unatoka neno la kukubali likishasemwa, kabla ya hapo hapana. Jirani yangu Spès alikuwa amefunua pazia kidogo, anachungulia. Danielle alisimama karibu na dirisha na nguo yake ya sherehe, hataki kukaa asije akaikunja.

Msemaji wa Kamenge alikuwa mzee anaitwa Mawazo, mnene, mcheshi.

"Tulikuwa tunapita tu," alianza. "Tukasikia harufu ya ua. Tukasema, hili ua litakuwa letu, tuingie tuulize."

Hapo Rénovat angesema hapa tunalima mihogo, maua katafuteni kwa masista. Ndugu yangu aliinamisha kichwa, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesikiliza hotuba.

"Waheshimiwa," akasema, "tunawashukuru kwa safari yenu. Ombi lenu tumelipokea kwa uzito unaostahili. Litafikishwa panapohusika, na jibu mtalipata kwa wakati wake."

Spès akaninong'oneza, "Anacheza vizuri. Hata hacheki."

Mzee Mawazo alicheka kwa niaba yake. "Panapohusika ni wapi, Balozi? Sisi tunajua njia ya Kamenge peke yake. Tena tukirudi bila mutoto tutaipoteza hata hiyo."

Watu wakacheka. Ndugu yangu akangoja wamalize.

"Naelewa haraka yenu. Lakini sina ruhusa ya kujibu leo."

Kicheko kikafa. Mimi nimemjua Nepo tangu alipokuwa anabebwa mgongoni. Akitania, anajivuta sikio. Mikono yake haikutoka kwenye magoti. Nilisikia kiti kikisogea. Baba yake Dieudonné alikuwa amesimama, anatafuta kofia yake.

Danielle aliniangalia. Na mimi nikaona vitu viwili pamoja: mtoto akibaki na aibu hiyo, na nyumba hii akishaondoka, nimebaki mimi na redio ya misa. Nikamwomba Mungu anipe miguu. Nikafunua pazia.

Mwanamke haingii hapo kabla ya kuitwa. Waligeuka wote.

"Nepo," nikasema, "ruhusa ya nani?"

Alishangaa, kama jambo lenyewe liko wazi.

"Yako, Dada. Mi nilimuzaa tu. Nikimutoa bila we kusema, natoa kitu cha mutu. Nilitaka kukuuliza kwa heshima, wageni wakishaenda."

"Wakishaenda utaniuliza juu ya nini?"

Ndipo nilipoona jinsi alivyochoka. Miaka yote hiyo ya ubalozi hajawahi kusema ndiyo mbele ya mgeni kabla ya kuwauliza waliomtuma.

Mzee Mawazo akajishika tumbo. "Kumbe mji mkuu uko jikoni. Tungejua, tungepitia mlango wa nyuma."

Baba yake Dieudonné alicheka kabla hajataka kucheka. Akakaa, kofia mkononi.

"Mutoto ni wenu," nikawaambia. "Mumupende. Na asubuhi musimuongeleshe sana kabla hajakunywa chai."

Spès akatoka na mtungi. Ndugu yangu akasimama na kuwarudishia wageni neno langu, pole pole, pamoja na lile la chai, kama anasoma barua ya serikali. Halafu akainama kwenye mrija, akanywa.

Wageni walipotoka tulimkuta amelala kwenye kiti kile kile. Danielle akaniuliza mimi shangazi yake, "Tantine, tumuamushe?"

"Muache. Kesho ana ndege."

Nikapiga magoti kwa shida, nikamfungua kamba za viatu. Akasema bila kufungua macho, "Wameenda?"

"Wameenda."

"Waliridhika?"

"Walimaliza mtungi."

"Asante, Dada," akasema, akalala tena. Nikabaki pale chini kidogo, viatu vyake mkononi, nikimsikiliza Danielle akiosha glasi na kuimba.