Programu Yenye Maswali Mengi

Fundi cherehani hakuwahi kukata kitambaa bila kupima mara mbili. Kwa hiyo, saa moja kabla ya muda wa kuwasilisha kwisha, alikuwa akijaribu programu mbili za kujazia ritani ya kodi ya pamoja, yeye na mumewe.

“Chukua hii ya bure,” mumewe alimhimiza kwa mara ya nne. “Hiyo nyingine inahoji kama polisi.”

“Mbona maswali yanakutoa jasho? Una kesi?”

Akafungua ile yenye maswali. Ikauliza wana watoto wangapi, popote wanapoishi; jibu lingelinganishwa na vyeti vya kuzaliwa.

Akanyoosha kidole aandike mmoja, binti yao wa pekee. Mumewe akamdaka mkono.

“Andika watatu,” akasema.