Miguu Minane

Mama yangu hanunui biskuti kabla ya kuvaa miwani. Husimama mbele ya rafu ya duka, pakiti mkononi, akiziba njia bila haya, akimtafuta sisimizi. Akimpata, humwonyesha yeyote aliye karibu. "Huyu ni mwanangu," husema, na watu humwangalia kwa huruma.

Sisimizi ni jina langu la utotoni. Nilikuwa na mwili mdogo, na sukari haikuwahi kukaa salama mbele yangu. Nilipoajiriwa kubuni vifungashio, nikaanza kumficha sisimizi mmoja katika kila mchoro: kwenye majani ya chai yuko chini ya jani, kwenye sabuni amejibanza nyuma ya povu. Bosi alipomgundua kwenye biskuti alinijia juu, eti nani anaweka mdudu kwenye chakula. Mwenye kiwanda cha biskuti akasema aachwe, maana watoto wake walikuwa wanashindana kumtafuta. Tangu hapo hakuna aliyemgusa.

Kisha ikaja akili mnemba. Sitaki kusingiziwa kwamba naichukia. Kukata picha kutoka kwenye mandhari yake kulikuwa kunanila mchana mzima. Sasa namaliza kabla chai haijapoa, na sioni sababu ya kuulilia mchana huo. Mwenzangu wa meza ya pili, mchora herufi, aliamua kutoizungumzia kabisa. Alisema ana watoto wawili shuleni, na mdomo haulipi ada. Bosi ndiye aliyeipenda kama mtu aliyepata mchumba uzeeni. Kila mkutano ilikuwa mashine hivi, mashine vile, na sisi tukitazama kucha zetu. Niliogopa, sikatai. Lakini nilijipa moyo kwamba mashine ina vyake na mimi nina vyangu.

Jumapili moja nikaenda kwa Mama. Alinimiminia chai, akaweka mezani pakiti ya biskuti za tangawizi, akakaa akinitazama.

"Unaumwa, mwanangu?"

Nikamwambia mimi mzima.

"Basi una mawazo. Mtu mwenye raha hachori hivi. Hebu hesabu miguu."

Nikahesabu. Sisimizi alikuwa pale pale ambapo ningemweka mimi, kona ya chini, akiburuta chembe ya sukari, kichwa kimeinama kidogo kama ninavyokiinamisha siku zote. Alikuwa na miguu minane. Na hizo biskuti za tangawizi sikuwahi kuzichorea pakiti. Bosi alikuwa ametuambia kazi hiyo imeahirishwa. Nilihisi kama nimemkuta mtu chumbani kwangu amevaa nguo zangu. Mama alipouliza kama nilichora nikiwa na homa, machozi yakanitoka, na yalikuwa ya hasira.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya mfagizi. Bosi hakuficha kitu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema ameilisha mashine michoro yangu yote ya nyuma, akaiambia ifuate mkono wangu, na mdudu akaja mwenyewe. Mwenye kiwanda alikuwa amependa. Shida ni miguu tu, wateja wameanza kucheka. Akanivutia kiti mbele ya kompyuta yake, akaniomba nifute miwili kabla pakiti hazijachapwa tena.

"Dakika tano tu, dada. Na jina lako tutaliweka."

Nilibaki nimesimama. "Sifuti."

Akanikumbusha kwamba michoro ni mali ya ofisi. Nikamwambia abaki nayo yote, hata na kiti. Akasema kuna vijana chungu nzima wanaoitaka meza yangu. Hapo alisema kweli, na hii ndiyo kazi pekee ninayoijua.

"Bosi, mashine nitaitumia, na wewe itumie utakavyo," nilimwambia. "Ila sipiti nyuma yake na kifutio ili ionekane ni mimi. Huyo wa miguu minane ni wake. Imlee."

Mlango ulikuwa wazi na mchora herufi alikuwa amesikia yote. Bosi akamwita aje afute yeye. Alikuja, akamtazama mdudu, akanitazama mimi, kisha akasema mkono unamuuma. Akarudi kwenye meza yake. Nilitamani kumkumbatia.

Bosi akafuta mwenyewe. Pakiti mpya zilitoka na sisimizi wa miguu mitano. Mimi nimepewa onyo, na mwezi ujao sijui nitakuwa nimekaa meza ipi. Sijutii hata kidogo.

Mama nilimweleza kila kitu. Sasa akifika dukani huvaa miwani na kuhesabu kwa sauti, foleni yote ikimsubiri. Akifika tano na miguu ikaishia hapo, huirudisha pakiti rafuni, picha ikitazama ukuta, na kuwageukia walio nyuma yake.

"Huyu si mwanangu," husema.