Kufuli la Siku ya Umuganda

Nyumba ya Cécile pale Gisozi ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Ilikuwa na mlango mmoja na dirisha moja dogo la upande wa kichochoro. Dirisha hilo Cécile alikwisha kuliziba kwa blanketi kuukuu. Kila jioni alizikagua pembe zake na kuzishindilia kwa mpini wa kijiko, kisha mtu wa mwisho kuingia alitandaza gunia bichi chini ya mlango. Walikuwa wakifanya hivyo kwa miaka miwili.

Sababu ilikuwa Achille, mwanawe mdogo, fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana za Agakiriro. Achille alivuta bangi. Aliwahi kukamatwa, akakaa miezi minane katika kituo cha kurekebisha tabia, na siku alipotoka mama yake aliambiwa kwamba mara ya pili itakuwa mahakamani. Cécile akaamua kwamba kama ni lazima avute, avutie ndani, pasipofikiwa na doria wala pua za majirani. Hakujiuliza moshi usiotoka unakwenda wapi.

Ulikwenda katika mapafu ya waliomo. Macho ya Cécile yalikuwa mekundu kila asubuhi, naye akayalaumu makaa. Alipoteza hesabu ya rozari yake katikati ya fungu, akaulaumu uzee, ingawa alikuwa na miaka hamsini na minne tu. Viateur, mwanawe mkubwa, hakuwahi kuvuta hata sigara. Aliamka na kichwa kizito, akakohoa mpaka afike barabara ya lami. Yeye alikijua chanzo. Alikuwa dereva wa kampuni ya kusafirisha watalii, mshahara wake ndio uliolisha nyumba, na alikuwa akitafuta chumba cha kupanga Gatsata.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya umuganda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi watu wote wa mtaa hutoka na majembe kufanya kazi ya pamoja, na kiongozi wa isibo, yaani wa nyumba chache zinazopakana, hupita na daftari akiandika nani yupo na nani hayupo. Viateur alirudi saa moja kutoka zamu ya uwanja wa ndege, akiwa na barua ya kampuni inayomruhusu kupumzika.

"Mama, mpe Mukarugwiza karatasi hii. Mwambie nimelala, saa nane narudi kazini."

"Lala, mwanangu. Nitampa."

Alilala nyuma ya pazia bila kuvua soksi. Hakusikia Achille akiingia mbele ya pazia na wenzake wawili wa karakana, Léonce na kijana mmoja mpiga rangi, ambao hawakutaka kwenda kuzibua mitaro.

Cécile alisimama na barua mkononi. Akimpa Mukarugwiza, kiongozi wa isibo, atajua kuna mtu ndani, na mtu akiwamo ndani mlango unaweza kugongwa. Nyumba yenye kufuli kwa nje haigongwi. Aliikunja barua, akaitia katika mkoba wake, akachukua jembe, akafunga kufuli, akaenda.

Viateur aliamka saa tatu na nusu. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio na kinywa kilikuwa kikavu kama aliyekula majivu. Alikaa kitako, dari ikachelewa kutulia. Alipofungua pazia hakuona sawasawa upande wa pili wa chumba, ambao haukuwa mbali zaidi ya hatua nne.

"Achille, fungua mlango."

"Umefungwa kwa nje, kaka. Mama ndiye mwenye ufunguo."

"Basi ondoeni hilo blanketi."

Léonce alicheka mpaka akakohoa. "Shoferi wa wazungu anataka kiyoyozi! Ondoa, halafu mwite na Mukarugwiza aje avute mbili tatu."

"Saa nane naendesha watu."

"Kwani wewe umevuta? Moshi ni moshi tu. Mbona padri anawafukizia ubani kila Jumapili na hamfukuzwi kazi?"

Nje majembe yaligonga mawe ya mtaro. Sauti ya Mukarugwiza ilisikika karibu kabisa, ikimtania mtu kwamba ameshika koleo kama kijiko cha supu. Ingetosha Viateur aite mara moja tu. Alipima jambo hilo kama alivyozoea kupima kona: akiita, mlango utavunjwa, na Achille atatoka humo amefungwa pingu. Alilala kifudifudi mlangoni, akasogeza gunia ili apate hewa. Achille akalirudisha kwa mguu, bila hasira.

"Vumilia, kaka. Saa tano si mbali."

Kufuli lilifunguliwa saa tano na dakika ishirini. Viateur alikuwa amekaa humo zaidi ya saa nne. Alioga, akala kidogo, akaenda kazini.

Kampuni ilipima madereva wawili kwa kura kila wiki. Saa nane na robo kura ilimwangukia. Afisa wa usalama, Phiona, mwanamke wa makamo aliyekulia Kampala, alimwita ofisini na kufunga mlango kabla ya kusema.

"Viateur, mkojo yako iko na bangi. Kikomo chetu ni hamsini. Wewe iko sitini na mbili."

Hakulia wala kuapa. Alimweleza yote isipokuwa majina. Phiona alimsikiliza huku ameshika kalamu asiyoiandikia.

"Masaa ngapi?"

"Manne na zaidi."

"Wavutaji?"

"Watatu."

"Dirisha?"

"Limezibwa. Mlango una kufuli."

Phiona alifikiri. Alikuwa amesoma juu ya mambo haya, naye akamweleza wazi: mahali penye hewa inayopita, moshi wa wengine ni nadra sana kumfikisha mtu hamsini. Katika chumba kilichozibwa, wavutaji wakiwa wengi, unaweza kumfikisha, kwa muda wa saa chache.

"Kwa hiyo inawezekana," alisema. "Lakini kila dereva ambaye napata anasema ni moshi ya jirani. Kila mmoja."

"Nipime tena kesho."

"Kesho itakuwa imeshuka. Na mtu ambaye alivuta moja tu, yake pia inashuka. Haitanisaidia." Aliweka kalamu mezani. "Mimi si polisi. Sitaki majina ya wale walivuta. Nataka mtu mmoja wa nyumba aniambie macho kwa macho: Viateur alikuwa ndani, na moshi ilikuwa ndani. Nitakuja Jumatatu. Nikipata huyo mtu, unarudi kwa gari. Nikikosa, unajua kanuni."

Aliijua, alikuwa ameitia sahihi. Dereva aliyefutwa kwa sababu ya bangi haajiriwi na kampuni nyingine ya watalii jijini, kwa kuwa kampuni hizo huulizana kwa barua.

Jumapili, baada ya misa, Viateur alizungumza na mama yake njiani juu ya Phiona na sharti lake.

"Hatauliza ni nani?" Cécile alisema.

"Hatauliza. Ameniapia."

"Niseme tu kulikuwa na moshi?"

"Na kwamba nilikuwa ndani. Maneno mawili, mama."

"Nitasema. Wewe ndiye unayetulisha, nitaachaje kusema?"

Jumatatu asubuhi Cécile alilitoa blanketi dirishani. Alilifua, akafua pazia, akasugua sakafu kwa sabuni ya unga, akaianika mito juani. Mgeni wa heshima hapokewi katika nyumba inayonuka. Viateur alipotoka kuchota maji na kurudi, mwanga ulikuwa umefika hadi ukuta wa ndani, na upepo wa kilimani uliingia dirishani na kutokea mlangoni. Alivuta pumzi. Hakukuwa na harufu yoyote isipokuwa ya sabuni.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimesafisha. Au ulitaka aone uchafu?"

Phiona alifika saa tisa. Hakuijua njia katika vichochoro vile, na alikuwa mtu wa adabu, kwa hiyo alifanya linalofanywa na kila mgeni mwenye adabu: alimwulizia kiongozi wa isibo, ampeleke. Nyuma yake aliingia Mukarugwiza, amevaa kitenge cha kutokea, daftari kwapani.

"Hodi, Mama Viateur! Nimekuletea mgeni. Ee, nyumba inang'aa leo! Kuna posa?"

Cécile alicheka kidogo, akawapa viti. Hakumtazama mwanawe.

Phiona aliona kosa lake, lakini hakujua jinsi ya kumtoa nje mwenyeji aliyemleta. Akachagua maneno kwa uangalifu. "Mama, mimi natoka kwa kazi ya Viateur. Ni swali moja tu. Jumamosi asubuhi, alikuwa hapa ndani?"

Mukarugwiza alikuwa amelelewa Karagwe na alipenda kujibu kabla ya kuulizwa. Alifungua daftari. "Jumamosi ya umuganda? Ninayo hapa. Nyumba ya Cécile: Cécile yupo, alifanya kazi vizuri. Viateur hayupo. Achille hayupo. Kufuli mlangoni." Akainua macho. "Nililishika kwa mkono wangu huu. Nikamuuliza Mama Viateur, vijana wako wapi? Akaniambia wako kazini wote wawili. Si ndivyo, mama?"

Viateur alisema, "Nilikuwa ndani. Kufuli lilifungwa nikiwa nimelala."

"Akufungie mama yako kama mbuzi?" Mukarugwiza aliuliza, akitabasamu bado, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kusubiri. "Kwa nini?"

Jibu la swali hilo lilikuwa Achille, ambaye wakati huo alikuwa karakanani Agakiriro, kinyago cha kuchomelea usoni.

"Mama," Viateur alisema polepole, "ile karatasi ya kampuni. Uliyosema utampa. Niliiona kwenye mkoba wako."

Mkoba ulikuwa mapajani mwa Cécile. Vidole vyake vilikuwa juu ya zipu. Phiona aliviona; aliinama mbele kidogo, akangoja. Cécile aliutazama mkoba, kisha daftari, kisha dirisha lililo wazi ambapo watoto wawili wa jirani walikuwa wamesimama kuchungulia.

"Karatasi gani?" alisema.

"Mama."

"Jumamosi nyumba ilikuwa tupu. Niliifunga mwenyewe. Hapa kwetu hakuna moshi, dada yangu. Nusa mwenyewe."

Phiona hakunusa. Alisimama, akamshukuru kwa kiti, akamwomba Viateur amsindikize. Nje kichochoroni alinyoosha mkono, naye Viateur akampa kitambulisho cha kazi na funguo za gari.

"Mimi nakuamini," alisema Phiona. "Lakini siwezi kuandika nakuamini."

"Najua."

"Hapa unapumua nini kila siku? Toka hapa. Kazi au bila kazi."

"Kwa mshahara upi?"

Phiona alishuka kuelekea barabarani, akishika kuta kwa sababu ya mteremko.

Achille alirudi saa kumi na mbili, mvua ikiwa inaanza. Alisikiliza habari akiwa amesimama. "Pole, kaka," alisema, na kwa kweli alikuwa na huzuni. Kisha akachukua blanketi lililokauka, akaliingiza dirishani na kushindilia pembe kwa mpini wa kijiko, akaketi, akatoa karatasi ya kusokotea. Cécile alishika rozari.

Viateur alikunja godoro lake na kulitoa nje, chini ya ukingo wa bati.

"Viateur," mama yake aliita kwa sauti ya chini. "Rudi ndani. Watu watauliza kwa nini unalala nje."

"Waulize."

Alingoja aone kama mama yake atatoka kumfuata. Gunia bichi lilisukumwa chini ya mlango kutoka ndani. Baada ya muda alisikia mama yake akisali. Alifika Salamu ya saba, akanyamaza, akakohoa, akaanza upya tangu ya kwanza.