Chai ya Msoma Geji

Mkutano uliitishwa Sagana, katikati, kwa sababu watu wa Nyeri hawataki kuteremka Mwea kushtakiwa, na watu wa Mwea hawataki kupanda Nyeri kuomba. Kaunti mbili, mto mmoja, na kamati ya pamoja yenye katibu mmoja: Kagure, afisa wa maji kutoka Nyeri.

Kilichomsumbua ni namba mbili. Kwenye daftari la kamati, geji ya mtoni, ile ya kupimia kina cha maji, ilisoma sentimita thelathini na nane, asubuhi na alasiri, mwezi mzima wa kiangazi. Kwenye simu yake kulikuwa na picha ya geji hiyo hiyo aliyopiga jana saa saba mchana: kumi na saba. Na mkataba, ambao aliuandika yeye mwenyewe baada ya miezi minane ya kubembeleza wakubwa wa pande zote mbili, unasema mto ukishuka chini ya thelathini, mifereji ya juu ifungwe siku kumi na nne ili maji yafike kwenye mpunga wa Mwea.

Mwezi mzima alijiambia kwamba watu wa Mwea wamezoea kulialia. Jana ndipo alipopanda mwenyewe bila kumwambia mtu. Alipoona maji yalivyopungua, akamtafuta Moffat, mzee anayesoma geji, akamkuta shambani akipalilia.

“Mimi siandikangi uongo,” Moffat alisema, na kweli alikuwa ameudhika. “Nikipita kwenu, babako ananiita chai. Mtu akikuita chai, utakataa? Nikimaliza nashuka mtoni, nasoma vile iko. Saa tisa pia, hivyo hivyo.”

“Chai yenyewe inachukua muda gani?”

“Saa moja hivi. Babako ako na stori mingi.”

Saa moja! Wambugu, baba yake, ndiye mwenyekiti wa mfereji wa juu. Moffat akiongezwa kikombe cha pili, mtu anafunga geti la mfereji, mto unajaa, unasomwa, kisha geti linafunguliwa tena. Hakuna aliyedanganya kwa mdomo. Ukarimu mtupu! Na yeye, mjuzi wa mikataba, ndiye aliyepanga saa za kusoma zikajulikana hata na kuku.

Sasa baba yake alikuwa ameketi safu ya mbele, ndani ya koti lake la kanisani. Viazi vyake vilikuwa vimeanza kutoa maua. Siku kumi na nne bila maji vingekwisha, pamoja na vya majirani arobaini.

Mwai, msemaji wa wakulima wa mpunga, akasimama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Kagure zaidi.

“Nasari yangu ya miche ya mpunga imepasuka mpaka mkono unaingia,” alisema. “Tukikosa maji hii wiki, msimu umeenda, na sisi tunatoka kwa hii kamati. Madam katibu, hebu tusomee.”

Daftari lilikuwa wazi mbele yake. Angesoma thelathini na nane, na hakuna mtu angemwita mwongo. Akalifunga.

“Kumi na saba,” alisema, akainua simu. Akaeleza yote, geti na chai, bila kumtaja mwenye chai. Lakini watu wa mfereji wa juu walimjua, na vichwa vikageuka kimoja kimoja kuelekea safu ya mbele.

Hawakupiga hata kura. Mifereji ingefungwa kesho, ukitangulia wa juu, na katibu mwenyewe ndiye angetia kufuli, kama mkataba unavyotaka.

Baba yake alimsubiri nje, kando ya ukuta.

“Jana ulifika mpaka mtoni.”

“Ndiyo, baba.”

“Na haukupita nyumbani.”

“Sikupita.”

“Mama yako ataniuliza utakuja lini. Nimwambie nini?”

Alitamani amshike mkono, amweleze habari za nyufa za Mwea, lakini baba yake alikuwa akitazama barabarani.

“Mwambie nakuja kesho asubuhi.”

“Kutusalimia?”

“Hapana, baba. Kufunga.”

Wambugu alivaa kofia, akaiweka sawa taratibu.

“Basi nitamwambia afunge mbwa,” alisema. “Mbwa yetu haijazoea wageni.”