Punguza Aenda Kuomba

Jina lake la ubatizo lilikuwa kwenye faili ofisini, lakini ungemwita kwa hilo asingegeuka. Sokoni walishambatiza upya: Punguza. Miaka arobaini alinunua viazi na vitunguu kwa jumla, na neno la kwanza kumtoka mdomoni, hata kabla ya salamu, lilikuwa hilo. Ukimwambia jua ni kali leo, nusura akwambie ulipunguze. Na msimwone mjanja mkadhani alitajirika. Uzee ulimkuta hana mbele wala nyuma, masista wa nyumba ya wazee wakamfungulia mlango kama walivyowafungulia wengine.

Nyumba ile haikuwa na shamba wala fungu la serikali. Iliishi kwa kuomba, basi. Kila Jumanne sista mmoja mfupi, mwepesi wa miguu na wa maneno, alizunguka soko meza kwa meza na kikapu chake, akarudi na pikapu imejaa. Wazee walimwita Sista Kapu. Mwaka huo magoti yakamgomea, Jumanne tatu zikapita pikapu haijatoka, na mpishi akaanza kuongeza maji kwenye maharage.

Hapo ndipo Punguza alipoingia ofisini kwa Mama Mkuu, kofia mkononi. Alikuwa na lake. Dada yake mkubwa, aliyembeba yeye mgongoni baada ya mama yao kufariki, alikuwa analala kwenye chumba cha kuazima nyuma ya duka la kinyozi, na kinyozi alishamwambia mwisho wa mwezi ahame.

“Kitanda kipo, mzee wangu,” Mama Mkuu alisema. “Chumba cha nne, karibu na dirisha. Lakini waliopo wenyewe kuwalisha kunatutoa jasho. Nikimwingiza mwingine nitamlisha sala?”

“Na soko likirudi kama zamani?”

“Siku hiyohiyo nampokea. Lakini nani atembee?”

“Mimi.”

Mama Mkuu alikohoa kuficha kicheko. Akamruhusu hata hivyo, maana mfa maji haachi kutapatapa.

Jumanne ikafika. Dereva aliegesha langoni mwa soko, na Sista Kapu akabaki kwenye kiti cha mbele, dirisha wazi. “Salimia,” alimwelekeza, “sema unatoka nyumba ya wazee, kisha nyamaza. Mungu na wao watamalizana.”

Meza ya kwanza ilikuwa ya kabichi. Muuzaji, kijana mchangamfu, alimpokea kwa mikono miwili. “Karibu, mzee. Leo nawapa kabichi kumi.”

“Sita,” akajibu Punguza.

Kijana akakuna kichwa. “Sita zitawatosha kweli?”

“Basi nne, tusipotezeane muda.”

Akaondoka na kabichi nne, kifua mbele, ameshinda. Alikuwa ameshafika kwenye maharage ndipo akili ikamrudia, lakini wapi, ulimi ulikuwa mbele yake tena. Debe zima alilopewa akaliteremsha hadi nusu. Kwenye vitunguu ndio usiseme: alivibonyeza kimoja kimoja, akarudisha robo nzima kwa kosa la ulaini. Mazoea yana taabu, jamani.

Sista Kapu alipoona mzigo na kusikia habari yake, alicheka mpaka akayashika magoti. Mzee hakucheka. Aliegemea mlango wa pikapu, akaona aibu, na chini ya aibu hofu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa.

“Nimemfukuza dada yangu kwa mdomo wangu mwenyewe,” alisema.

“Soko halijafungwa, mzee. Rudi.”

“Nirudi niseme nini?”

“Lile neno lingine. Ongeza.”

“Hilo sijawahi kulisema.”

“Najua,” Sista akasema. “Soko zima linajua.”

Akarudi. Habari zilishamtangulia, na kila meza aliyopita walizibana mbavu. Mama wa viazi ndiye aliyemsubiri mikono kiunoni, mama mmoja mkubwa mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

“Baba, unanikumbuka?”

Alimkumbuka. Zamani alikuwa msichana mwembamba anayemsindikiza mama yake na mizigo.

“Mama alikuletea viazi msimu wa mvua, vinaanza kuoza, hana pengine pa kuvipeleka. Ukaliona hilo. Ukasema punguza, punguza, mpaka akajifuta macho kwa upindo wa nguo.”

“Nakumbuka,” alisema Punguza. Alikumbuka pia kwamba siku ile alirudi nyumbani akipiga mluzi, na hilo lilimchoma kuliko maneno ya mama huyu.

“Sasa leo nataka kulisikia lile lingine. Gunia hili hapa. Sema.”

Akamfikiria dada yake na begi lake moja. “Ongeza,” alisema.

“Sijasikia.”

“Ongeza, mwanangu. Tafadhali.”

Mama wa viazi akabeba gunia la pili akalibwaga juu ya la kwanza. “Na ole wako upunguze kiazi.”

Hapo ndipo soko lilipoamka. Kila mtu alikumbuka kisa chake na Punguza, na kila mmoja akalipiza kwa bidhaa. Kijana wa kabichi alizileta zile sita alizokataliwa, na sita nyingine za hasira. Mwenye maharage alijaza debe mpaka likamwagika, akisema hili ni la kumlipizia baba yake. Wengine hawakuwahi hata kumwona maishani, lakini walidai kwamba aliwapunja, ili nao wasipitwe na raha ile. Pikapu ikainama nyuma, dereva akaanza kuwasihi waache. Punguza alisimama katikati yao machozi yanamtiririka, anajaribu kushukuru na hamalizi.

“Lia tu, baba,” mama wa viazi akamwambia, akimpa kitambaa. “Mama yangu akisikia atafurahi. Jumanne ijayo usichelewe.”

Pikapu ilipofika nyumbani, Mama Mkuu aliizunguka mara moja, akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa chumba cha nne.

Alasiri hiyo Punguza alikuwa nyuma ya duka la kinyozi. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, begi miguuni, uso umekaza.

“Mdogo wangu, mimi si wa kwenda kula kwa watu nisiowajua. Hao wanaotoa vyote hivyo ni nani?”

Mzee alitazama chini. “Ni watu niliowapunja.”

Dada yake alianza kuwahesabu kwa vidole, vikamwishia. Kisha akamkabidhi begi abebe.

“Kama ni hao,” alisema, “tutashiba.”