Vidonge Sita vya Akoth

Mwaka wa hamsini na sita nilimpeleka Akoth wangu Kano, kule ziwani, nyanya yake amwone. Alikuwa na miaka mitatu, na alizaliwa hapa Nakuru kwa nyumba za reli, mahali baba yake Owuor alikuwa fundi wa mabehewa. Kabla tupande treni, Micah, dresa aliyetutibu kwa kliniki yetu, alinifungia vidonge sita kwa karatasi.

"Kimoja kila Jumapili, mama Akoth, mpaka viishe, hata mkirudi. Huyu hajui mbu wa huko."

"Sisi ni watu wa ziwa, Micah."

"Wewe ndiyo. Yeye ni mtu wa Nakuru."

Jumapili ya kwanza mama mkwe akaona ile karatasi. Aliniita kwa jina la kwetu, binti wa Alego, vile mke huitwa akiolewa mbali.

"Nyar Alego, hiyo ni nini?"

"Dawa ya homa, mama."

"Mtoto hajaugua, anameza dawa? Nimezaa tisa hapa, homa ikawajua ikawaacha. Ama huyu si wa Owuor?"

Wanawake waliokuwa wakipukuchua mahindi wakacheka. Sikumkumbusha kwamba kati ya wale tisa walibaki wanne. Mke hasemi hivyo. Nilimpa karatasi, akaitia motoni.

Wiki moja baada ya kurudi, Akoth alishikwa na joto na kikohozi kidogo. Kliniki ilikuwa imejaa. Micah akaniuliza mbele ya foleni yote, "Vidonge unampa kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

Niliona haya. Tena sikutaka kumtaja mama wa bwana yangu vibaya mbele za watu.

"Basi ni kifua," akasema, akampiga sindano ya kifua. Kesho yake tena. Siku ya tatu mtoto akaanza kutetemeka, macho yakageuka, ndipo nikasema ukweli. Micah hakunigombeza. Alikimbilia kwinini, lakini Akoth alikuwa hamezi hata mate. Alituacha saa nane mchana.

Desemba iliyofuata, wanawake walipoanza kufunga mizigo ya kwenda nyumbani, nilimwomba Micah niketi mlangoni pake, niseme na kila mama juu ya vidonge. Jirani yangu Eucabeth akanitazama toka kichwani hadi miguuni.

"Wewe uliyezika ndiye utatufundisha kulea?"

"Ndiyo, mimi."

Nikamweleza nilichoulizwa na nilichojibu, neno kwa neno, foleni ikisikia.  Hakuna aliyecheka.

 Eucabeth akamshika mtoto wake mkono, akamsogeza mbele ya Micah.

"Huyu, mwaka jana," akasema polepole, "hakumeza hata kimoja. Nami nilikudanganya."